Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kanisa kuu letu: msipige mkono wa pili wa rangi

Kwa Baba Askofu,
Kwa Padri Kiongozi wa kanisa kuu,
Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Ujenzi.

Shikamooni wakubwa zangu.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimenishinda. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi Januari. Katibu muhtasi akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikarudi nyumbani na nakala yangu nikiwa na matumaini. Ya pili niliileta baada ya Pasaka. Mara mbili nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi tangu saa tatu hadi adhana ya adhuhuri, naambiwa mhusika yuko kikaoni. Mara ya tatu nilipata dakika kumi na mjumbe mmoja wa Kamati, mtu mstaarabu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, kwani wewe unasali hapa?"

Sisali hapo. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa mtaa wa nyuma ya kanisa. Kazi yangu ni uchoraji, na Jumamosi nafundisha watoto kuchora. Jina la kanisa sitaliandika, wala la mtu yeyote. Wa mji huu wanajua ninayemsema, na walio mbali jina haliwaongezei kitu. Lile swali la mjumbe nitalijibu, ila kwanza niseme yaliyonileta.

1. Picha ya nyuma ya birika la ubatizo

Mwezi Machi, wiki moja kabla ya ujio wa wageni, ukuta ulio nyuma ya birika la ubatizo ulipakwa rangi nyeupe. Pale palikuwa na picha ya Yesu akibatizwa, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta miaka ya sabini na fundi aliyekuwa akiandika mabango ya maduka hapa mjini. Yordani yake ilikuwa hori letu hili hili: mikoko huku na huku, maji rangi ya chai ya maziwa, ngalawa imeegeshwa, na pembeni mama mmoja wa kanga ana ndoo kichwani, kasimama anashangaa. Yohana alikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Fundi alikosea vipimo, basi. Watoto wangu wote wameanzia pale. Nilikuwa nawaambia, tafuteni kosa, na asiyeliona haondoki. Mtoto akishauona ule mguu, hatazami tena picha yoyote kwa juu juu.

Niliambiwa sababu mbili: picha ilikuwa imechakaa, na tena haikuwa sanaa ya kanisa, ilikuwa kazi ya mwandika mabango. Kuchakaa nakubali, unyevu ulishawala malaika mpaka magotini. Hiyo ya pili ndiyo inayoniuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana wa Marangu aitwaye Elimo Njau, aliyesomea sanaa Makerere, alipewa kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alichora picha tano kubwa za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, na watu waliomo ni Waafrika, na nchi ni ile ile unayoiona ukitoka mlangoni. Leo kanisa lile ni kanisa kuu. Njau baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, mahali ambapo wachoraji wa ukanda wetu walipata pa kutundika kazi zao bila kuomba radhi. Angekuja kwenye Kamati yetu na wazo lake, sijui kama angepewa hata ngazi ya kupandia.

Wakubwa zangu, iliyopigwa pale ni rangi ya maji, mkono mmoja. Najua, kwa sababu jua la saa kumi likiingia kwa dirisha la magharibi ncha ya ngalawa bado inaonekana, kama goti la mtu aliyejifunika shuka jepesi. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki sana. Fundi mwenye subira anaweza kujaribu kona ndogo na kuona kama inatoka. Na nimesikia kuwa ndoo za mkono wa pili zimeshanunuliwa, ziko stoo.

2. Mlango wa magharibi

Tangu mwaka jana mlango huu unafunguliwa Jumapili na siku za harusi tu. Siku nyingine mlinzi anadai kibali, na kibali ni Sh 20,000 kwa "upigaji picha na uchoraji". Mtoto wa darasa la tano mwenye penseli na daftari la kurasa 40 analipa sawasawa na mpiga video wa harusi. Kwa hiyo tumehamia ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha muuza kahawa, tunachora kanisa kwa nje. Hata huko mlinzi alitufuata. Alisimama, akatazama daftari moja baada ya jingine, akauliza kwa nini hakuna aliyemchora yeye. Akachorwa. Simlaumu, yeye ametumwa.

Kuchora kanisa kutoka ng'ambo ya barabara si aibu. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alifanya hivyo Rouen, Ufaransa, mwaka 1892 na 1893. Alikodi vyumba mbele ya kanisa kuu, kimojawapo kwenye duka la nguo za kike, akachora uso wa jengo lile zaidi ya mara 30: turubai hii ya asubuhi, ile ya mchana, nyingine ya ukungu, anahama kutoka moja hadi nyingine kadiri jua linavyohama. Mwaka 1895 alionyesha 20 kati ya hizo Paris. Hakuwa mtu wa dini. Alichokuwa akikitafuta ni nini mwanga unalifanyia jiwe, na akaona kuwa ukuta ulio hapo karne nyingi hauwi ukuta ule ule kwa saa mbili mfululizo.

Ila sisi tulichokuwa nacho ndani hakipo kibarazani. Kuna nguzo ya tatu upande wa kusini. Jua la saa kumi huigusa kwanza chini, kisha linapanda taratibu, na kwa muda usiozidi robo saa chokaa yake inakuwa rangi ya ganda la korosho lililokaangwa. Mtoto aliyekaa akalisubiri jambo hilo, akalikosa kwa kuzubaa, akarudi Jumamosi iliyofuata, huyo nimeshamfundisha kazi.

Najua mtakayosema. Kwanza, wizi, kipaza sauti kiliibwa. Kiliibwa Jumapili, ibada ya pili, kanisa limefurika. Pili, kwamba kanisa ni nyumba ya sala, si makumbusho. Hapo tuko pamoja kuliko mnavyodhani. Mwaka 1904, Ufaransa ilipokuwa ikijadili kutenganisha dini na serikali, mwandishi Marcel Proust aliandika gazetini Paris kutetea makanisa makuu. Hakuwa mtu wa kuhudhuria misa. Hofu yake ilikuwa kwamba majengo yale yatabaki mazima huku sala na nyimbo zimeondolewa, na akakiita kitu hicho kifo cha makanisa makuu. Hatuombi msimamishe mazoezi ya kwaya ili tuchore. Tunaomba tuchore kwaya ikiimba. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuchora midomo kumi na sita ya sauti ya tatu, midomo mitupu bila nyuso, na ukiitazama unasikia wimbo.

3. Dari

Kamati imepitisha dari la jipsamu lenye taa za kuzama. Boriti za zamani zitafichwa. Sababu ni popo, na mwangwi. Popo wapo, sibishi; wameninyea daftari. Lakini dari la jipsamu chini ya boriti za mji wa pwani ni kuwajengea popo chumba cha pili, na unyevu ukishapanda, ndani ya miaka michache mtakuwa na madoa ya chai kila upande, na nani atakayeona boriti ipi imeanza kuoza?

Tarehe 15 Aprili 2019 paa la kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, liliungua. Mbao zake zilikuwa za enzi za kati, nyingi hivi kwamba wenyewe waliziita msitu. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024, na mbao zimerudi zikiwa zimechongwa kwa shoka kama za zamani. Waliweza kwa sababu kuna watu waliokuwa wamepanda juu kabla ya balaa. Mwaka 2014 wasanifu majengo wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walipima na kuchora mihimili ile. Na kabla yao mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, Andrew Tallon, alilipima jengo kwa miale ya leza. Tallon alifariki mwaka 2018, miezi michache kabla ya moto. Wote watatu walikuwa wanataka tu kujua jengo limekaaje. Kama mlinzi wa siku ile angewafukuza kwa kukosa sababu ya maana, sababu ingekuja kujulikana Aprili 2019, wakati imeshachelewa.

Kwa dari letu sisi, mchoro wa maungio ya boriti ninaoujua ni mmoja. Uko kwenye daftari la mwanafunzi wangu wa zamani, kurasa sita, penseli, na kwenye ukurasa wa nne kuna doa la juisi ya ukwaju. Nimeiuliza ofisi yenu kama mna mwingine. Sijajibiwa.

4. Viroba vya chini ya ngazi

Hili nitalisema kwa kifupi kwa sababu wengine wanalijua kuliko mimi. Chini ya ngazi za mnara kuna viroba vya saruji vimejaa makaratasi: vitabu vya nyimbo vya zamani, madaftari ya ubatizo, barua za makatekista kwa tahajia za enzi zile. Mchwa wameshafika. Binti mmoja anayesomea isimu aliomba siku mbili za kuvipanga bure, akanyimwa.

Na ni nani asiyejua kwamba Kiswahili hiki na makanisa makuu vina historia? Edward Steere, mmisionari Mwingereza, kabla hajawa askofu, alikaa na Waunguja akiwasikiliza wakisimulia, na mwaka 1870 akachapisha mkusanyiko wa hadithi zao. Huyo huyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar. Sina haja ya kumpamba, alikuja na malengo yake. Lakini Kiunguja, lahaja aliyoishughulikia, ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na yale aliyoyaandika kutoka vinywani mwa watu bado yanasomwa kwa sababu kuna aliyeyatunza, tena si chini ya ngazi.

Sasa lile swali la mjumbe.

Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala. Mabenchi saba ya nyuma, upande wa kaskazini, ni kazi ya mkono wake. Adhuhuri aliweka randa chini, akavuka barabara kwenda msikitini, akasali, akarudi kwenye benchi lenu. Padri wa wakati ule alimwekea maji ya kunywa kivulini. Auguste Rodin, mchonga sanamu wa Ufaransa, alichonga mwaka 1908 mikono miwili inayokaribiana bila kushikana, vidole vimepinda kwa juu kama tao. Aliita sanamu ile Kanisa Kuu. Ukiitazama vizuri unaona mikono yote miwili ni ya kulia. Kwa hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Nilipoiona picha yake kitabuni mara ya kwanza nilimfikiria mzee wangu na padri yule na ile jagi ya maji.

Wanaolihitaji kanisa kuu ni wengi kuliko wanaosali ndani yake, na mara nyingine hao wa nje ndio wanaoliokoa. Turudi Notre-Dame kabla ya moto. Mwaka 1793 wanamapinduzi walikata vichwa vya sanamu za wafalme pale mbele wakidhani ni wafalme wa Ufaransa, kumbe ni wafalme wa Yuda, wa kwenye Biblia. Jengo likaachwa lichakae. Mwaka 1831 Victor Hugo, ana miaka 29, akatoa riwaya ambayo mhusika wake mkubwa, ukiniuliza mimi, ni lile kanisa lenyewe. Watu wakaisoma, wakaenda kulitazama, wakaona aibu. Miaka ya 1840 ukarabati mkubwa ukaanza. Ndani ya riwaya hiyo hiyo Hugo anasema kuwa kabla ya mashine ya kuchapa, mwanadamu alikuwa akiandika mawazo yake kwa mawe, na kwamba kitabu kingekuja kuliua jengo. Hapo utabiri ulimpiga chenga. Kitabu chake kilifanya kinyume.

Na kwetu? Nenda Mkunazini. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na altare husemwa iko pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Nje, tangu 1998, kuna sanamu, kazi ya msanii Clara Sörnäs: watu watano wamesimama shimoni, shingoni wana minyororo. Nimekaa pale nikachora, na pembeni yangu walikuwapo Waislamu, Wahindu, Wazungu, na mwanafunzi mmoja wa Bagamoyo aliyekuwa anaandika shairi akifuta zaidi ya anavyoandika. Hakuna aliyetuuliza tunasali wapi. Ndani kuna nguzo ambazo husimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha juu chini wakati Steere hayupo, na hazikugeuzwa. Mtu angeweza kuzipiga lipu kuficha kosa. Ziliachwa, na leo kila anayeongoza wageni anaanza kucheka akizikaribia. Au nenda Mombasa, kanisa kuu la ukumbusho la 1905, lenye kuba na matao ambayo mgeni anaweza kuyadhania ya msikiti. Aliyelisanifu alitazama mji kwanza, kisha ndipo akachora. Mimi kila nikilipita nasimama.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjumbe ni kwamba sisali hapo, ila kwa miaka kumi na nane nimekaa hapo nikitazama, na katika mji huu hakuna mahali pengine ambapo mtoto asiye na kitu anaweza kukaa chini ya kitu kikubwa, kilichojengwa kwa uangalifu, bila kuuziwa chochote. Hotelini atafukuzwa. Benki atafukuzwa. Hapo alikuwa hafukuzwi.

Ninayoomba ni haya:

Mkono wa pili usipigwe. Ukuta uachwe ulivyo mpaka fundi anayejua kazi ya kufufua picha aje aujaribu. Nyumbani nina sanduku la bati lenye nakala zaidi ya mia za picha ile, zilizochorwa na watoto. Karibu zote zina Yohana mwenye mguu mfupi. Mkizihitaji kwa kurudisha palipopotea, ni zenu.

Mlango wa magharibi ufunguliwe siku nne za wiki, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Penseli, kalamu na daftari visilipiwe. Wenye kamera kubwa na taa walipe, hao wana bajeti.

Dari lisubiri miezi sita. Katika muda huo wanafunzi wangu na wa chuo cha ufundi watapima na kuchora boriti zote bure, nanyi mtabaki na nakala ofisini, jipsamu ije au isije. Kuhusu pesa, ambayo ndiyo sababu ya tatu mtakayoitoa, katika haya yote linalogharimu ni fundi wa picha peke yake, na tumeshaanza kuchangishana.

Viroba vitolewe chini ya ngazi wiki hii. Yule binti bado yuko tayari.

Na Kamati ya Ujenzi iwe na kiti kimoja cha mtu wa sanaa. Si lazima niwe mimi. Kwa kweli nisiwe mimi, nina maneno mengi.

Jumatano ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye lile benchi la nje ya ofisi, na kopi ya barua hii, na lile daftari la kurasa sita. Kuhusu ndoo za rangi zilizoko stoo, kama duka halikubali kuzirudisha, uzio wa shule ya msingi ya mtaani kwetu haujapakwa tangu ujengwe. Watoto watakuja kuzibeba wenyewe.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa kuchora wa Jumamosi, mtoto wa seremala wa mabenchi ya kaskazini